Mkutano wa Ng'ambo ya Mto

Kitengela, Jumamosi. Jua la kuchoma, baada ya wiki nzima ya mvua. Magodoro yetu tumeyaanika kwenye ua na yananuka. Niko na hasira tangu asubuhi na haijaisha, kwa hivyo naandika.

Mto umeingia kwetu tena. Nikisema mto, watu wa mbali wanadhani ni kitu kikubwa. Ni kijito tu cha nyuma ya mtaa, na wakati wa kiangazi mbuzi wanakivuka bila kulowa. Mvua ikinyesha kule juu, kinaingia mpaka jikoni.

Leo watu wa kaunti walikuja kutusikiliza. Tuliambiwa tukusanyike uwanja wa kanisa, upande wetu, tukapanga viti. Magari yao yakafika, yakasimama ng'ambo, kwa sababu daraja letu dogo lilibebwa na maji Jumatano. Nilifikiri watavua viatu wavuke. Maji yalikuwa yamepungua, ya magoti tu.

Hawakuvuka.

Walisimamisha hema huko huko, wakapanga meza na chupa za maji, na afisa mmoja akashika kipaza sauti. "Sopa," akasalimia kwa Kimaasai. Hakuna aliyeitikia. Akasema serikali inajua shida yetu, wataalamu watakuja, tuwe na subira. Sisi huku hatukuwa na kipaza sauti. Mzee mmoja akapaza sauti kuuliza daraja litajengwa lini. Afisa akaweka mkono sikioni, akatabasamu, akasema, "Tumewasikia."

Sijawahi kutukanwa kwa upole namna hiyo.

Mama Hamdi ndiye aliyeanza kuvuka. Ni jirani yangu, kwao ni Garissa, na duka lake ndilo lililo karibu zaidi na mto. Si mtu wa maneno mengi. Alijifunga leso kiunoni, akabeba beseni la unga ulioharibika, akaingia majini.

Nakiri, mimi ni wa kunung'unika kwenye WhatsApp tu. Lakini nilimwona akiyumba, nikaingia na sketi yangu nzuri, nikamshika mkono.

Akaweka beseni mezani, katikati ya zile chupa.

"Mheshimiwa, huu ulikuwa unga wa kuuza."

"Pole sana, mama. Tungoje ripoti ya wataalamu."

"Wataalamu walikuja mvua iliyopita. Walikunywa chai kwangu." Hakupandisha sauti. "Ule ukuta wa ghorofa kule juu umejengwa ndani ya mto. Maji yanaugonga, yanageukia kwetu. Nani alitoa kibali?"

Afisa akaangalia simu yake. "Hilo si la idara yangu."

"Ni la idara gani?"

Akasogeza chupa mbali na beseni. Nikauliza mimi, swali hilo hilo. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona viatu vyake. Havikuwa na tope hata kidogo.

"Vibali viko makao makuu, Kajiado," akasema mwishowe. "Mwende ofisini."

Wakakunja hema wakaenda.

Najua kuna mtu atasoma hapa aulize kwa nini tulijenga karibu na mto. Tulijenga mbali na mto. Ni mto uliosukumwa mpaka kwetu, na kuna mtu aliketi ofisini akaweka sahihi usukumwe.

Jioni Mama Hamdi alikuja kwa geti. "Jumatatu naenda Kajiado," akasema. "Tunaenda?"

Tunaenda. Nimeomba ruhusa kazini na bosi hakufurahi. Mama Hamdi atafunga duka, na mimi sijawahi kuona duka hilo limefungwa mchana isipokuwa wakati wa swala. Tutakaa kwenye benchi lao mpaka tupewe jina la aliyeweka sahihi.

Wakitufungia ofisi, Jumanne watatukuta mlangoni.