Ripoti ya Mkude

Jumanne, Mlali

Wiki nzima msimamizi Mkude ananiita mshamba. Eti mimi mpima mizigo ndiye ninayegandisha kompyuta, nisipojirekebisha nitarudi kubeba magunia. Mgongo wenyewe huu!

Leo fundi alipiga simu kutoka Dar, iliko seva tunayotumia ofisi zote.

"Memori imejaa. Mkude anafunga dirisha la kompyuta tu, hatoki kwenye mfumo. Kazi zake za tangu Alhamisi bado ziko wazi. Yupo?"

"Ameenda kula."

"Kuna ripoti hajahifadhi. Nizime kazi zake, au nimsubiri?"

Malori yalikuwa yamepanga foleni mizanini.

"Zima, kaka."

Kompyuta yangu iliyokuwa imeganda ikafunguka papo hapo. Mkude aliporudi akafoka: nani kazima? Nikamwambia ni mimi, yule mshamba.

Nimemwacha akiandika upya. Kesho huenda nikabeba magunia. Nitayabeba nikicheka.