Mashine ya Nyumba Ndogo

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Bi Risiti, ndivyo anavyoitwa kazini na ndivyo alivyoomba aandikwe, jina la kitambulisho limo ndani ya jalada
Umri: miaka 41
Kazi: muuzaji, duka la vyombo vya umeme, upande wa jikoni
Makazi: chumba kimoja na jiko nyuma ya duka la dawa, anaishi peke yake
Shauri: kujeruhi kwa jagi la kioo
Siku na saa: Jumanne tarehe 13, saa tatu na dakika ishirini asubuhi

Nimeelezwa kwamba siko hapa kama mshitakiwa. Nimeitwa kueleza karatasi ya mzigo iliyokutwa juu ya boksi la mashine ya kahawa. Nimeonyeshwa karatasi hiyo na mwandiko ni wangu. Sijatishwa, sijaahidiwa kitu, na nimepewa maji ya kunywa ingawa sikuyaomba.

Nina miaka kumi na mitatu katika duka hilo. Mashine za kahawa za nyumbani tunazo za saizi mbili. Kubwa inatoa vikombe kumi na viwili kwenye jagi la kioo, ndogo inatoa viwili tu. Mteja akiingia tunamuuliza, "Ya nyumba kubwa au ya nyumba ndogo?" Wanaume hucheka sana, ila wakija na wake zao hawacheki. Utani huo niliukuta pale na umetusaidia kuuza. Kwenye karatasi ya mzigo hatuandiki utani. Tunaandika herufi mbili, N.K. au N.N., basi.

Mnamo Jumatatu tarehe 5, saa nne na robo asubuhi, aliingia mwanamume ambaye leo mnamwita majeruhi. Alisema yeye ni mpima ardhi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu na mfukoni alikuwa na tepu ya kupimia. Alitaka mashine ya kahawa ya kutoa zawadi. Nilimuuliza kama kawaida, nyumba kubwa au nyumba ndogo. Akajibu, "Dada, hiyo moja tu niliyonayo inanitoa jasho." Nilicheka. Afande ameniuliza kama nilicheka kama muuzaji au kama mwanamke. Siku hiyo ya kwanza, kama muuzaji.

Hakusema zawadi ni ya nani. Neno "niliyonayo" nililisikia, lakini mtu anaweza kuwa na nyumba na asiwe na mke, na mimi nililipokea hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka. Hapo nilijipalia makaa mwenyewe. Alipima kila mashine, urefu na upana, akasema kati ya friji na sinki pana sentimita arobaini na moja na juu kuna kabati. Nilimpikia kikombe kwa mashine ya maonyesho. Alikunywa akiwa amesimama, bila sukari, akasema atarudi.

Alhamisi tarehe 8, saa nane mchana, alirudi. Siku hiyo nilikuwa nimepaka wanja. Nalisema hilo kwa sababu afande ameniambia nisifiche kitu. Niliwasha mashine tatu tukaonja zote. Akaniuliza, "Ungekuwa wewe ndiye unayepewa, ungependa ipi?" Wateja huuliza hivyo kila siku. Swali hilo mimi nilikwenda nalo mpaka nyumbani. Nilimwonyesha ile kubwa nyeusi yenye saa, unayoitega jioni ikajiwasha asubuhi. Nilimwambia, "Hii. Mtu anaamka anakuta harufu imeshafika kitandani." Akanitazama, akasema, "Wewe unajua mambo." Tangu nipewe talaka, miaka tisa sasa, hakuna aliyeniambia kwamba najua mambo. Huwa naulizwa tu risiti iko wapi.

Jioni ile nilipima meza yangu ya jikoni kwa utepe wa kushonea. Ingeenea.

Jumamosi tarehe 10, saa tano kasorobo, alikuja kununua. Alichukua ileile nyeusi. Aliomba ipelekwe kwake Jumatatu alasiri, yeye akiwa bado kazini, ili ikamshtue mtu kwa furaha. Akaniomba nimwandikie kadi, kwa kuwa mwandiko wake, alisema, unafaa kwenye ramani tu. Nikashika kalamu. Akanitajia maneno: "Kwa mke wangu. Asante kwa asubuhi zote."

Niliuliza, "Mkeo anapenda kahawa?" Sikuwa na haja ya kuuliza, lakini mdomo ulitangulia. Basi akaanza, na mtu mwenye furaha hana breki. Alisema miaka ishirini na miwili mkewe huamka saa kumi alfajiri kumchemshia kahawa kwenye sufuria kabla hajatoka kwenda kupima. Hata alipokuwa na mimba ya mapacha aliamka. "Sasa zamu yangu," alisema. "Mimi nitaitega jioni, yeye alale." Nilipokuwa na mume, aliyeamka kabla yangu alikuwa jogoo tu, na jogoo mwenyewe alikuwa wa jirani.

Hapo wivu ulinipanda mpaka nikahisi masikio yanawaka. Afande ameandika hapa "kijicho" nami nimemwomba afute. Kijicho ni cha mtu anayetaka mashine ya mwenzake, na mashine ninaweza kuinunua kwa punguzo la wafanyakazi. Mimi nilimwonea wivu mwanamke nisiyemjua kwa sababu ya usingizi aliokuwa anaandaliwa. Afande ameandika wivu.

Kwenye kadi niliandika "Asante kwa asubuhi zote". Maneno "Kwa mke wangu" niliyaacha. Nikafunga bahasha, na hakuomba kuisoma, aliniamini. Kwenye karatasi ya mzigo, mahali pa aina, niliandika maneno mazima kwa herufi kubwa: NYUMBA NDOGO. Wakati naibandika juu ya boksi yeye alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka akanipungia mkono, nami nikampungia.

Ningeweza kuibandua. Mzigo ulikaa stoo Jumamosi yote na Jumapili, na Jumatatu asubuhi nilipita mbele yake mara nne, mara zote nikiwa na sababu ya kwenda stoo. Saa tisa alasiri dereva wa duka alikuja kuupakia. Akasoma karatasi, akaniuliza, "Bi Risiti, si hii ni ile kubwa?" Nikamwambia, "Wewe peleka, kazi yako usukani."

Yaliyofuata sikuyaona, nimeelezwa na afande. Mke alipokea mzigo saa kumi. Alisoma karatasi, akafungua bahasha akakuta shukrani ya asubuhi zote isiyotaja mke. Mwenye macho haambiwi tazama. Akaelewa kama ambavyo ningeelewa mimi, kwamba mzigo wa mwanamke mwingine umepotea njia ukafika kwake. Saa kumi na moja na nusu mumewe aliingia akitabasamu, akamuuliza, "Umeupata mzigo?" Mke akampiga kwa jagi la mashine hiyo. Ameshonwa nyuzi nane juu ya jicho. Jirani aliyesikia kioo kikivunjika ndiye aliyepiga simu polisi, na mke amelala hapa.

Leo saa tatu kasorobo nilipofika niliwakuta wote wawili kwenye benchi la mapokezi, mke ametolewa mahabusu kuonana na mumewe. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mwanamke wa kunishinda. Ni mfupi, amenenepa kiunoni, nywele zimemtimka, na miguuni ana kandambili mbili zisizofanana. Nilimtazama kutoka juu hadi chini nikitafuta ni kipi alichonishinda, na sikukiona.

Mumewe alikuwa anamwambia, "Mama watoto, sina mwingine. Kama yupo, nionyeshe nikamfukuze mbele yako." Mke akajibu, "Karatasi imeandika." Mume akamwapia kwa watoto wote. Mke akajibu tena, "Karatasi imeandika. Nikitoka hapa nakwenda kwa kaka yangu, na wewe nenda kwa mwenye mzigo wake." Bandeji ilikuwa imelowa, sijui kwa damu au kwa machozi.

Benchi ni hilo moja, nikakaa pembeni yao. Kazini huvaa sare ya bluu. Leo nimevaa gauni. Mpima alisogea kunipisha, akasema, "Karibu ukae, mama." Dukani nilikuwa dada. Nilimtazama usoni kwa muda wa kutosha mtu kukumbuka, na yeye akamgeukia mkewe.

Nilikuja na uongo wangu umekunjwa vizuri. Ningesema mkono uliteleza, kwamba mtu anayejaza karatasi thelathini kwa siku lazima akosee moja, na bosi wangu angeniunga mkono kwa ajili ya jina la duka. Afande ameniuliza, "Ulikosea?" Jibu ni hapana. Nilikusudia kila herufi. Yule bwana hana nyumba ndogo. Nalithibitisha hilo kuliko shahidi yeyote mtakayemwita, maana niliitafuta ndani ya kila neno lake kwa siku tatu, nikiomba Mungu niwe mimi, na haikuwemo.

Afande amesema huu ni uungwana wangu. Si uungwana. Mke yule sina huruma naye hata sasa, na akienda kwa kaka yake moyo wangu mmoja utafurahi. Nasema kweli kwa sababu nataka bwana yule asomewe maelezo haya, neno kwa neno, ajue ni nani aliyeketi pembeni yake. Naomba asomewe mimi nikiwepo.

Nimesema yote niliyoyajua na niliyoyatenda. Nimesomewa, nimeyakubali, na ninatia sahihi bila kushikwa mkono.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Nyongeza ya mpokeaji maelezo: Maelezo yamepokelewa na mimi, koplo wa zamu, na kukamilika saa tano kasoro dakika kumi. Saa tano kamili niliwasomea mume na mke sehemu inayohusu kadi na karatasi, pamoja na jibu la shahidi kwamba hakukosea. Mke aliomba nirudie mahali panaposema mume hana nyumba ndogo. Nilirudia mara mbili. Mume amekataa kulalamika na mke ameachiwa. Nilimfahamisha mume kwamba muuzaji anaweza kuchukuliwa hatua, kwamba yuko chumba cha pili, na kwamba muuzaji huyo anaomba mume asomewe maelezo yote, naye akiwepo. Aliuliza kama ni lazima. Nikamwambia si lazima. Wameondoka pamoja saa tano na robo, mke akiwa amemshika mumewe mkono upande wa jicho lililofungwa. Shahidi ameelezwa kwamba anaweza kwenda kusubiri wito. Hajainuka kwenye kiti.