Kibodi ya Kidole Gumba

Jumatatu, 4 Agosti

Hasira ya jana haijaisha. Nimeamka nayo, nimepiga nayo mswaki.

Kikao cha familia. Yaani Kaka, Shangazi, mimi — na Baba kitandani. Ajenda: Baba akae wapi. Kaka anataka kumhamishia kwake, mwendo wa saa sita kwa basi kutoka hapa. Ana chumba cha chini kisicho na ngazi, mkewe ni nesi. Nikasema Baba anataka kubaki nyumbani kwake, ameniambia mwenyewe kwa kadi ya herufi. Kaka akacheka! Eti kadi unaishika wewe, kidole kinachopita kwenye herufi ni chako, Baba anainua nyusi tu. Hayo ni maneno yako, dada yangu, unamsemea.

Unamsemea! Shangazi akajikohoza, akaanza kuchunguza sakafu.

Na Baba yuko hapo hapo, mita moja kutoka kwetu. Kiharusi kimechukua ulimi na karibu mwili wote. Masikio hakikuyagusa, wala akili. Fundi lifti kwa miaka thelathini na moja, mtu aliyekuwa anasimama chini ya ghorofa kumi na nne, anasikiliza tu, na kusema "kuna puli imelegea ghorofa ya tisa" — leo anajadiliwa kama kabati, atoke kwa mlango upi.

Jumapili ijayo tunakutana tena "kumaliza suala". Sawa. Shule zimefungwa, maabara ninayoitunza imefungwa. Nina siku sita.

Kidole gumba chake cha kushoto kinacheza. Kuna programu ya bure ya Linux, ule mfumo wa kompyuta usiouzwa: kibodi juu ya skrini, mwanga wa njano unapita safu kwa safu, unabonyeza swichi moja kuchagua safu, unabonyeza tena kuchagua herufi. Swichi moja, kidole kimoja, hakuna mkono wa mtu mwingine. Hapo Kaka atasema nini?

Laptopu ninayo, ile niliyopewa shule ilipotupa mashine zake za zamani. Ila toleo la programu lililomo ni la zamani pia, halina swichi. Jipya linalo — lakini kwa mashine kuukuu kama hii hawakutengeneza la kupakua na kufungua. Wanakupa msimbo mtupu, yaani maandishi ya programu, ujenge mwenyewe. Ni sawa na kuagiza kiti ukaletewa gogo.

Nimeanza saa nne asubuhi. Jibu la kwanza la mashine: maktaba fulani, yaani kifurushi ambacho programu inakitegemea, haipo. Nikaangalia. Ipo! Imesakinishwa, naiona kwa macho yangu! Nikaamuru tena. Haipo. Nimebishana na chuma hadi saa nane. Kumbe kuna maktaba ya kutumia na maktaba ya kujengea, vifurushi viwili tofauti, jina karibu lile lile. Sasa si useme hivyo tangu mwanzo!

Jumanne, 5 Agosti

Ukiweka maktaba moja, inadai nyingine. Hiyo nayo inadai mbili. Nimehesabu kumi na moja. Bando limekwisha kabla ya adhuhuri, nimekwenda kukaa kwenye ngazi za maktaba ya umma kutumia intaneti yao, mlinzi ananitazama kama mwizi wa taa.

Nimeuliza kwenye jukwaa la mafundi mtandaoni. Nimeeleza vizuri, kwa adabu. Wa kwanza kajibu: soma maelekezo. Nimeyasoma! Maelekezo ni mistari minne, na wa tatu una kosa! Wa pili kasema ninunue kompyuta mpya. Ahsante, mjomba, sikuwahi kuwaza.

Shangazi amepita jioni na ndizi mbivu. Kasimama pembeni ya kitanda, kaniuliza mimi: anakula? Analala? Anajua kama ni mimi? Nikamwambia muulize mwenyewe, kuinua nyusi ni ndiyo. Akashtuka kama nimemtukana. Kisha akainama, akamuuliza kwa sauti ya juu sana, kama anaita mtu ng'ambo ya barabara: KAKA, UNANIJUA?

Baba akafumba macho. Hakuyafumbua hadi Shangazi alipoaga. Akaniambia mlangoni, maskini, amesinzia.

Hakusinzia!

Jumatano, 6 Agosti

Leo sitaki kuandika. Lakini nisipoandika nitapasuka.

Maktaba zote kumi na moja zimo. Naamuru ijenge. Inasema haioni faili. Faili lenyewe liko folda ile ile! Nimelifuta, nimelishusha upya. Haioni. Nimefuata ushauri wa mtu mmoja, nikaharibu rangi za skrini yote. Nimemlisha Baba uji kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unashusha ukurasa, umemwagika shingoni. Nimemwomba msamaha. Nimesonya tena, sikumsonya yeye, nimeisonya laptopu.

Saa kumi akatokea mtu kwenye jukwaa, picha yake ni ndoo. Hakuuliza mengi. Akasema, folda yako inaitwaje? Nikamwambia: Kazi ya Baba. Akasema, ondoa nafasi kati ya maneno.

Nikaandika kazibaba, neno moja. Ikaenda!

Siku nzima! Kwa sababu ya nafasi! Watu wameandika mistari laki na kitu ya msimbo, wakashindwa kufikiria kwamba binadamu anaweza kuipa folda jina la maneno matatu? Nimepiga meza hadi kikombe kimeanguka. Nimemshukuru Ndoo. Kajibu: karibu, na mimi iliniliza.

Jumatano, jioni

Swichi iko tayari. Nimetoa kitufe kwenye kipanya kibovu, nikakilehemu kwa waya mrefu, nikakifunga ndani ya kifuniko cha chupa ya dawa. Hii kazi naijua, haikunisumbua hata kidogo. Nimekiweka chini ya kidole gumba. Tik. Baba akainua nyusi zote mbili. Tik tik tik tik tik. Robo saa nzima, kitufe kisichounganishwa na chochote.

Alhamisi, 7 Agosti

Ilifika asilimia sitini na moja, ikafa. Haikutoa maelezo. Neno moja tu: imeuawa. Na nani? Kwa kosa gani? Haisemi!

Nikarudia. Sitini na moja, imeuawa. Mara ya tatu laptopu ikaganda kabisa, feni inalia kama kikaango. Nikapiga kelele. Nikasema — kwa sauti, Mungu anisamehe — potelea mbali, waache wamchukue.

Nikageuka. Baba ananiangalia, nyusi juu. Macho yanakwenda kwenye kadi ya herufi.

Sikutaka hata kuishika ile kadi. Tangu Jumapili naiona kama kitu cha wizi. Nikaishika. Nikapitisha kidole taratibu. M. Nikaendelea. Z. I. G. O.

Mzigo? Mzigo gani? Nikadhani anasema yeye ni mzigo, machozi yakaanza. Akafumba macho kwa nguvu mara mbili, yaani hapana, hapana. Macho yakaenda kwenye laptopu. Kwenye feni.

Mzigo! Fundi lifti! Alikuwa anaisikiliza!

Nikaenda kuangalia. Kweli, nimeiamuru ijenge mafaili manne kwa mpigo, kwa sababu ndivyo mistari minne ya maelekezo inavyosema. Kumbukumbu ya mashine hii ni ya kubeba mtu mmoja. Ikizidiwa, mfumo wenyewe unaiua kazi ili usizame nayo. Nimeiamuru ibebe faili moja moja. Feni imeshuka sauti. Asilimia kumi na mbili, inapanda polepole, haifi. Baba anaisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Hakuna kitabu wala jukwaa lililoniambia. Kaniambia mtu ambaye mnasema hana la kusema.

Ijumaa, 8 Agosti

Mia kwa mia! Ilimaliza saa tatu asubuhi. Niliipigia laptopu makofi, mimi peke yangu.

Kuifungua — haifunguki. Eti maktaba fulani haionekani. Maktaba yenyewe imejengwa na programu hiyo hiyo, dakika tano zilizopita, imewekwa na programu hiyo hiyo! Umezaa mtoto na humjui! Nikaenda moja kwa moja kwa Ndoo. Amri moja fupi ya kuuambia mfumo uhesabu upya maktaba zake. Tik. Kibodi ikatokea, kubwa, nyeusi, mwanga wa njano unatembea.

Nimezima sehemu ya kukisia maneno. Kwanza inakisia Kiingereza. Pili, namjua Kaka: atasema mashine ndiyo iliyosema.

Nikamwekea Baba mbele. Nikamwambia, andika chochote, Baba. Lolote la moyoni. Nikakaa, mikono chini ya mapaja. Mwanga ukapita mara mbili bila kitu. Alikosea, akafuta, akakosea. Miezi mitatu bila neno lake mwenyewe! Nilikuwa tayari kwa chochote. Dakika saba.

ZIMA REDIO

Redio! Ile ninayomwashia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, asijisikie mpweke! Ile ninayomwongezea sauti! Nikaizima. Kimya kikaingia ndani ya chumba. Akashusha pumzi ndefu sana, na mimi nikacheka hadi nikalia, kisha nikakasirika upya. Kwa nini hakuniambia kwa kadi? Nikakumbuka: sikuwahi kumuuliza. Kadi naishika ninapokuwa na swali langu.

Jumamosi, 9 Agosti

Kaka kapiga simu. Eti amesikia nimetengeneza "mchezo wa kompyuta". Keshamsafishia Baba chumba. Nimekata simu kabla sijasema neno la kujutia.

Baba hataki kufanya mazoezi. Kaandika BAADAYE, akafumba macho. Nimemuuliza kesho atawaambia nini. Hakufumbua.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika humu humu ndani ya kikao. Kaka kasema nikae mbali na mashine, watu waone. Sawa! Nimekaa kwenye kigoda mlangoni, daftari mapajani, ili mikono ipate kazi. Kaka kaikagua swichi, kaufuata waya kwa vidole hadi mwisho, kanyanyua laptopu kuangalia chini yake. Ataangalia na chini ya godoro. Shangazi kavaa miwani.

Kaka kamuuliza vizuri, lazima nikiri. Kapiga goti. Baba, unataka kukaa wapi? Tutafuata utakachosema.

Mwanga unapita.

B. I.

Kila herufi karibu nusu dakika. Kaka alianza kumkisia, "Bila?" Nikamwambia usimsemee! Kanyamaza. Nimefurahi, nisidanganye.

N. T. I.

Binti. Ni mimi. Najua kinachokuja: binti abaki nami. Kaka kaniangalia, shingo imelegea.

BINTI AMEC

Kapumzika. Shangazi kamfuta jasho bila kumpigia kelele.

BINTI AMECHOKA

Nani kachoka? Nani kamwambia nimechoka! Nimelalamika lini kwamba — wiki nzima nimefoka. Nimesonya, nimepiga meza, nimevunja kikombe, hatua mbili kutoka kichwani pake. Nimesema yale ya Alhamisi. Ningeweza kusimama sasa hivi niseme, Baba, ile ilikuwa laptopu, haikuwa wewe! Lakini nikifungua mdomo kabla hajamaliza, si ndilo hilo hilo walilonituhumu? Nimeng'ata kalamu. Nina hasira na Kaka, na mafundi wa mistari minne, na kidole gumba hicho kinachoniamulia nimechoka.

Nimechoka, kweli.

BINTI AMECHOKA NITAKW

Kaka kafunika uso kwa viganja. Sikutegemea. Nilidhani atashangilia.

BINTI AMECHOKA NITAKWENDA

Shangazi kasema alhamdulillahi, basi, kasema mwenyewe, yamekwisha. Kaka kasimama, anafuta macho, katoa simu ampigie mkewe aandae kitanda. Wote wameipa skrini mgongo. Kaka kashaweka simu sikioni, anasema haloo, amekubali, ndiyo, mwenyewe —

Mwanga bado unatembea. Kidole gumba hakijatoka kwenye kifuniko. Tik.

I.

Tik. K. Nimesimama, daftari mkononi. Hajamaliza! Nimesema kwa sauti iliyowashtua hadi majirani: kaa chini, kata simu, hajamaliza! Kaka kageuka. I. Shangazi kashika mkono wa Kaka. W.

BINTI AMECHOKA NITAKWENDA IKIWA

Kaka kakata simu. Kakaa kwenye sakafu, pale pale, kama mtoto. Baba kapumzika, macho kwangu, si kwa Kaka. Sasa kafumba, kafumbua. Mwanga umerudi safu ya juu, unaanza kushuka