Tone moja kwa pua ya Bwana Verbist

Ngosa ndugu yangu, naandika hii barua nikicheka!

Unajua ile ndeke ya zamani ya Bwana Verbist, yenye haina moteur, inaelea na upepo tu, yenye tunajaza maji mu mabawa ikimbie zaidi? Mabawa ilikuwa inavuja. Nilibandika mapasuko yote na colle, ile gundi, na vipande ya mupira ya baiskeli.

Bwana akasema: "Mwaba, nikiona tone moja, kazi yako imeisha."

Tone moja, Ngosa! Moja!

Leo asubui tukajaza maji. Akalala chini ya bawa, uso juu. Mi nikainama juu yake, naangalia.

Paf! Tone kwa pua yake.

Roho ikanitoka. Nikawaza bibi na batoto.

Akapangusa pua, akalamba kidole. "Mwaba, hii maji iko na chumvi."

Chumvi, Ngosa! Ilikuwa jasho yangu!

Alicheka mpaka akagonga kichwa kwa bawa. Na bawa? Kavu kabisa!

Kisha akasema: "Panda nyuma yangu."

Ndeke ingine ikatuvuta na kamba mpaka juu. Ngosa, nimeruka! Niliona mutaa yetu ya Kamalondo yote toka juu. Bibi yako Germaine alikuwa anaanika nguo. Nilimuita kwa nguvu, hakusikia!