Komeo la Mwenyekiti

Kaka yangu,

Nakusalimu kwanza, maana salamu ni haki yako hata leo ambapo nimekukasirikia mpaka najichoma vidole kwa sindano. Mgongo unaendeleaje? Na wifi, kikohozi kinampa nafasi ya kulala? Sisi huku wazima, ila cherehani haipoi, kila mtu anataka nguo yake kabla ya Krismasi.

Haya, tumeshasalimiana. Nimekuandikia kwa sababu ana kwa ana hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Juzi Jumanne, jumuiya ilipokutana kwako kutafakari Injili ya Majilio, nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Wewe ndiye mwenyekiti wetu, na amri yako tunaijua: Injili ikishafunguliwa, komeo linafungwa, na aliyechelewa atasubiri nje mpaka sala ya mwisho, ili akome. Amri hiyo sijawahi kuipenda. Ni ya kuadabisha watoto wa shule, si ya watu wazima wanaotoka kazini wamechoka.

Ukasoma habari ya yule bwana aliyesafiri akamwagiza bawabu akeshe, kwa kuwa haijulikani mwenye nyumba atarudi saa ngapi. Tukaimba. Katikati ya wimbo mtu akapiga hodi. Nikainuka, ukanikazia macho, nikarudi kuketi kama mtoto. Hodi ikaja tena, nawe ukapaza sauti kwamba huyo aachwe huko huko nje, atajifunza. Watu wakacheka. Muuza mkaa akasema mwenyekiti wetu hana mchezo. Kisha ukatueleza kwa kirefu maana ya kukesha, na jinsi tulivyolala usingizi wa pono. Ulieleza vizuri, kaka, na mtu alikuwa amesimama mlangoni pako.

Yakaja maombi. Ukamwombea binti yako, kama unavyofanya kila tunapokutana tangu aondoke, kwamba Mungu amguse moyo arudi nyumbani. Wifi akajifuta machozi. Sote tukaitikia. Tulipofungua mlango hapakuwa na mtu, ukasema mnaona, hata subira hana.

Nimeapa kwamba sitakuambia, na sasa navunja kiapo changu. Aliyepiga hodi ni Cheche, binti yako.

Alikuja kwangu jana asubuhi, macho yamevimba. Sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma, kazi ile ile uliyosema si ya binti wa mtu mwenye heshima zake, siku aliyoacha chuo ukamwambia asikanyage tena kwako. Alikuwa amekuletea kinara cha chuma cha mishumaa minne ya Majilio. Amekiunda mwenyewe, na ukikipapasa huwezi kujua kimeungwa wapi. Akapiga hodi kwenye nyumba alimozaliwa, akamsikia baba yake akisema aachwe nje. Anaamini uliitambua sauti yake. Nimemwambia hukumtambua, tulikuwa tunaimba. Nimesema hivyo bila kujua kama ni kweli, na tafadhali usiniambie.

Nina hasira na wewe, kaka. Bawabu aliyelala ni wewe, na ulilala umesimama, kitabu mkononi. Nina hasira na nafsi yangu pia, kwa kuketi.

Jumapili anarudi anakofanya kazi, na amesema hatajaribu tena. Kesho jioni jumuiya inakutana tena, na zamu hii ni kwangu. Kinara nimekiweka mezani. Komeo la mlango wangu nimeling'oa kwa bisibisi, na kwenye kigoda cha karibu na mlango nitamkalisha yeye. Hajui kwamba nimekuandikia.

Nisalimie wifi, na umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Muwe na afya njema. Wewe njoo. Hata ukichelewa, piga hodi, atakufungulia.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi