Jua Mbili, Si Siku Mbili

S.L.P. 14,
Sindo.
30 Agosti 1997

Mpendwa ndugu yangu Cliff,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Hujambo wewe, na Mellen mkeo hajambo? Kifua kimepona, ama bado unakohoa na vumbi la Voi? Sisi tu wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Barua yako niliipokea dukani kwa Mulki nikaisoma nimesimama, na nilikasirika hadi nikasahau sabuni niliyoendea. Unasema binti yako Liz akimaliza chuo asibaki Milimasaba hata siku moja, arudi atafutiwe ualimu, eti uhandisi hauna nafasi ya msichana. Sasa nisikilize mimi dada yako mkubwa.

Hujui jina la chuo hicho limefika wapi. Mulki anauza misumari na mabati hapa, na nilipomwambia kwamba watu wa Milimasaba wanakuja kututengenezea vichanja vya kuanikia omena, dagaa wetu wa ziwani, aliacha kupima waya. "Hao? Wallahi, Mama Phelesia, pampu yao kule Wajir kwa mjomba wangu iko mwaka wa sita na haijawahi kulala." Hata DO wetu, mkuu wa tarafa, ambaye hainuki kitini kwa mtu yeyote, aliinuka kuwasalimia.

Walifika Aprili, Liz akiwa kati yao, amevaa ovaroli, amebeba kipimajoto. Kiongozi wao ni Daktari Ratemo, si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Walijenga vichanja vya waya vilivyofika kiunoni, na paa la plastiki juu, ili omena isilale tena mchangani ikinyeshewa. Wakatuuliza inachukua muda gani kukauka. Tukajibu, jua mbili. Vijana wakaandika.

Siku ya pili jioni wakatuambia tupakie. Tuliona bado, lakini nani atabishana na Milimasaba? Tukajaza magunia kumi na mawili. Wiki haikuisha yakaota ukungu yote, na wanunuzi wa Homa Bay wakayachukua kama chakula cha kuku. Nilitamani ardhi inimeze, maana mimi ndiye niliyewashawishi akina mama wenzangu.

Daktari alianza kulaumu waya. Ni Liz aliyeomba daftari, akasoma, akashika kichwa. Wenzake walikuwa wameandika siku mbili! Sisi tuliokulia hapa, kwa lugha yetu tunasema chieng' kwa jua na hata kwa siku, lakini Mama yetu alipohesabu jua za omena alihesabu jua lenyewe, tangu umande ukauke hadi vivuli virefuke, bila wingu. Siku mbili zile za mvua hazikufika hata nusu jua.

"Daktari, siku inapita tu hata kukiwa na mawingu," Liz akamwambia. "Lakini jua lazima lionekane. Dani, nyanya yangu, alinifunza hivyo."

Unajua msomi huyo alifanya nini? Aliwaita akina mama wote, akavua kofia, akasema, "Nyinyi mlisema sawa. Sisi ndio tuliandika vibaya." Cliff, nina miaka hamsini na mitatu na sijawahi kumsikia mtu mkubwa akisema hivyo kwa wanawake wa omena. Nililia mbele za watu. Hapo nikaelewa kwa nini nchi nzima inawaheshimu.

Walibaki miezi miwili wakipima jua na kuandika. Sasa omena yetu inaagizwa hadi Ogwedhi, na ni ya kuliwa na watu. Kijitabu chao kimechapishwa, na ukurasa wa nne unasema, "Anika kwa jua mbili." Mwalimu Bonareri alilalamika kwamba hicho si Kiswahili sanifu. Daktari akamjibu kwamba omena haisomi sarufi. Hayo ya jua mbili ni maneno ya Mama, ndugu yangu, aliyekuwa akitia sahihi kwa kidole gumba.

Wanataka Liz abaki mwaka mmoja kwenye utafiti, apeleke vichanja Turkana. Fomu inadai sahihi ya mzazi kabla ya tarehe ishirini Septemba, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mtoto anaogopa kukuandikia, ndiyo maana naandika mimi.

Najua kinachokuuma. Nakumbuka mwaka 1972 chuo hicho hicho kilipokukataa, ulivyokaa nyuma ya jiko siku tatu bila kugusa ugali. Nilikuhurumia, na bado nakuhurumia. Lakini Liz hajakukosea. Kufungua redio na kuifunga tena huku skrubu mbili zimebaki mkononi, alirithi kwa nani kama si kwako?

Nisalimie Mellen, na umwambie leso alizonitumia zinaonewa wivu kanisani. Truphena na Boaz wanakusalimu, na wazee wa Takawiri pia. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akulainishe moyo.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikikugombeza,
Phelesia

N.B. Fomu iko humu ndani ya bahasha. Tazama mstari wa mwisho, palipoandikwa Mzazi. Andika jina lako lote, kwa herufi kubwa. Miaka ishirini na mitano imepita, Cliff. Jina lako nalo liingie Milimasaba.