Tuliyokula Osaka, Baba Asya

Baba Asya wangu,

Nimerudi salama nyumbani Khoudh, hapa Maskati, na hata sanduku sijalifungua. Nataka kwanza nikuhadithie nilikokwenda na nilichokula. Nilikwenda Osaka, kwa mwanao.

Unazikumbuka safari zako za minada ya magari kule? Mimi nakumbuka zaidi kurudi kwako. Ulikuwa ukiondoka na sanduku nusu nguo nusu chakula: makopo ya jodari, tende, na visheti nilivyokukaangia. Ukirudi suruali inakuvuka. Nikikuuliza kama huko watu hawali, ukinijibu, "Wanakula, tena wanakula vizuri. Mimi ndiye nisiyejua niingie mlango gani." Mji mzima unanukia chakula, ukisema, na wewe umekaa kitandani hotelini unamenya yai la kuchemsha.

Ndiyo maana Asya alipopata nafasi ya kwenda kusomea kule namna ya kusafisha maji ya bahari, hukuuliza masomo wala baridi. Uliuliza, "Atakula nini?" Ulikuwa umekaa juu ya zulia, kikombe cha kahawa mkononi. Asya hakuinua sauti. Alisema, "Ntauliza, baba. Ntauliza mpaka nipate." Ukamaliza kahawa yako ukaondoka, nikadhani umekataa. Kesho yake ukampeleka mwenyewe soko la Mawaleh kumnunulia ndimu kavu na bizari za kuchukua. "Nenda," ulimwambia mlipokuwa mnashusha vifurushi garini, "lakini usije ukanirejea mifupa mitupu."

Mola alikuchukua baridi ile ile ya kwanza, naye yuko huko. Tulikuzika kabla hajapata hata tiketi. Mimi nilizungukwa na watu, nyumba imejaa, huyu ananishika mkono, yule ananisomea. Yeye je, alikuwa na nani? Hilo lilinikaa moyoni, na kwenye simu sikuthubutu kumuuliza.

Basi Asya akanitoa kwenda kula. Tulianza kwa pweza. Wanamkata vipande, wanamtia ndani ya vidonge vya unga, na moto wake unababua ulimi. Mimi mzaliwa wa Unguja nikajitia kumkosoa huku namla, nikamaliza sahani yangu na ya Asya. Siku nyingine tukala tambi za supu kwenye mkahawa wa halali wenye kijichumba cha kusalia. Wasichana wa Kiindonesia walikuwa wamejaa, na kila anayeingia anamwamkia mwanao.

Lakini ninalotaka hasa ulijue ni la kichochoroni, kwenye mkahawa mdogo wa mama mmoja mtu mzima. Anapika kitu mfano wa chapati ya maji, nene, imejaa kabichi na mayai. Wateja wengine wanawekewa nguruwe juu. Nikamvuta Asya mkono nikamwambia, "Twende zetu." Akacheka. "Subiri, mama." Yule bibi alipotuona akainama chini ya meza akatoa kikaango kilichofungwa kitambaa, cha peke yake.

"Hiki changu," Asya akasema. "Siku ya kwanza nilimweleza nisichokula na kwa nini, nikamshukuru nikaondoka. Niliporudi nikamkuta ameshakinunua."

Bibi akasema neno huku ananitazama. Nikauliza kasemaje.

Asya akanifasiria. "Anasema siku ya msiba wa baba nilikuja hapa. Sikuwa na pa kwenda. Alifunga mlango, akazima jiko, akakaa na mimi mpaka nilipoweza kusimama. Halafu ndipo akanipikia."

Baba Asya, nilisimama nikamshika yule mama mikono yote miwili, ina unga. Lugha yake siijui, yangu haijui. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Ahsante, dada yangu. Ulikaa mahali pangu." Asya alitaka kumfasiria akashindwa, na bibi akamtikisia kichwa, kwamba ameshafahamu.

Nilikula sahani nzima. Nilimtazama mwanao anavyozungumza na watu wa jiko, anauliza kilichomo kwenye mchuzi, kwa adabu lakini bila ya kujikunyata, na wao wanamjibu kama wanavyomjibu mtu wao. Nilijaa fakhari hata nikaona haya mwenyewe. Nikajisemea, huyu ni wetu, tumemlea sisi.

Jana nduguyo Seif alinipigia simu kutoka dukani kwake Wattaya. Anasafiri kufuata magari. "Shemegi," akasema, "eti Osaka unaijua?" Nikamwambia naijua. Nikamweleza pa kula asubuhi, pa kula adhuhuri, na mlango upi asiingie. Nikamtajia na kile kichochoro. Akawa ananisikiliza, yeye ambaye maisha yake hajapata kumsikiliza mtu.

Mwisho akauliza, "Na nikifika kwa huyo bibi niseme nini? Kijapani sijui hata neno."

Nikamwambia, "Mwambie kwa Kiswahili hicho hicho wewe ni baba yake mdogo Asya. Utawekewa kiti."

Mola akupe raha huko uliko, na akuangazie kaburi lako. Sisi wa huku tumeshiba.

Mkeo,
Mama Asya